Mbio za magari za mitaani 2026: Monaco, Baku au Singapore? Tuna hela ya kukodi ukumbi mara moja tu (Mwanza)

FundiNyakato

Habari za jioni wakuu.

Nina gereji ndogo hapa Nyakato na vijana saba wanaojifunza kazi. Tangu mwaka jana wameshika moto wa Formula 1, ila wanaangalia vipande vya dakika tatu kwenye simu, bando likikata wanahamia kwa mwenzao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa akaona mbio nzima, tangu taa zinazimika mpaka bendera. Nataka waone moja, na iwe ya mitaani. Kwenye viwanja vya kawaida dereva akikosea anatoka nje, anakanyaga nyasi, anarudi. Mitaani pembeni kuna ukuta. Kijana akiona gari la mabilioni limevunjika mguu kwa kugusa ukuta kidogo tu, ataelewa kwa nini nampigia kelele kuhusu tairodi iliyolegea.

Tumechanga, tunayo Sh 150,000. Inatosha ukumbi wenye skrini kubwa pale Buzuruga, soda na sato wa kukaanga. Mara moja tu. Las Vegas nimeiondoa mapema, kwa saa za kwetu inaangukia Jumapili asubuhi watu wako ibadani. Nimebaki na tatu.

Monaco ni Jumapili tarehe 7 Juni, saa 10 jioni kwa saa za kwetu. Njia ni kilomita 3.337, mizunguko 78. Ndiyo yenye jina, na mwezi huo ligi zimeisha, mwenye ukumbi hatanidai zaidi.

Baku, kule Azerbaijan, safari hii ni Jumamosi, tarehe 26 Septemba, mchana. Kilomita 6.003, mizunguko 51. Ina mahali pa kukanyaga mafuta zaidi ya kilomita mbili bila kuachia, halafu ina kipande kinachopita kando ya ukuta wa mji wa kale chenye upana wa mita 7.6. Ni barabara yetu ya kawaida ya lami ya njia mbili, basi.

Singapore ni Jumapili tarehe 11 Oktoba. Kwao usiku, kwetu saa 9 alasiri. Mizunguko 62, kona 19.

Mimi moyo uko Baku. Nipeni mawazo kabla sijalipa kishika nafasi.

MzeeWaBandarini

Fundi, hongera kwa kuwajali hao vijana. Mimi nakwambia Monaco, na nitakwambia sababu.

Mbio hizo zilianza mwaka 1929, kabla hata ya hiyo Formula 1 yenyewe, na barabara bado ni zile zile kwa sehemu kubwa: unapanda kilima, unazunguka kasino, unashuka, unaingia kwenye handaki gizani, unatokea kwenye mwanga na bahari iko mkono wa kushoto. Kila nikipita Capri Point jioni, mawe juu na ziwa chini, napata picha ya pale.

Wafundishe vijana habari ya dereva Senna pale Monaco mwaka 1988. Alikuwa anaongoza kwa karibu dakika nzima. Mwenzake wa timu moja, Prost, hakuwa na namna ya kumfikia. Timu ikamwambia apunguze mwendo, kazi imekwisha. Akapunguza, na ule mdundo wa akili ukakatika. Mzunguko wa 67 akagonga ukuta kwenye kona ya Portier, peke yake, hakuna aliyemsukuma. Alishuka akaenda zake nyumbani kwake, hakurudi hata gereji. Mtu huyo huyo ameshinda Monaco mara 6. Kwa fundi anayejifunza, nati ya mwisho ndiyo husahaulika, kwa sababu kichwa kimeshamaliza kazi wakati mkono bado.

Dada_Kirumba

Shikamoo mzee. Habari ya Senna imenigusa, lakini hiyo ni ya kusimulia. Fundi anatafuta ya kuangalia.

Monaco kwa mtu anayeona mbio kwa mara ya kwanza ni mateso. Mwaka 2024 kulitokea ajali kubwa mzunguko wa kwanza, bendera nyekundu ya kusimamisha mbio ikatoka, wote wakabadilisha tairi pale pale bila kupoteza muda. Baada ya hapo wale kumi wa mbele walimaliza vile vile walivyoanza, wa kwanza wa kwanza, wa kumi wa kumi. Saa mbili nzima! Mwaka 2025 wakaweka sheria kila dereva atumie angalau seti tatu za tairi ili mambo yachangamke. Timu nyingine zikamtumia dereva mmoja kujaza foleni, anatembea kama daladala linalotafuta abiria, ili mwenzake apate nafasi ya kuingia kubadilisha tairi. Vijana saba wa miaka 19 watakuwa kwenye simu zao kufikia mzunguko wa 20.

Monaco utamu wake ni mchujo wa Jumamosi, ule wa kupanga nani anaanzia wapi. Pale ndipo mtu anapita anakwangua ukuta kwa ubavu wa tairi. Jumapili ni kulinda ulichopata.

MzeeWaBandarini

Marahaba mwanangu. Sibishi kuhusu 2024. Ila magari ya mwaka huu ni membamba kwa sentimita 10 na mafupi kwa sentimita 20 kati ya tairi za mbele na za nyuma, tena mepesi. Na mvua ikinyesha pale, hakuna anayejua. Mwaka 1996 dereva Panis alianzia nafasi ya 14 akashinda, na waliokatisha mstari walikuwa watatu tu.

SemiTrela_Mwz

Wakuu, mimi ni dereva, Mwanza hadi Dar na kurudi. Naunga mkono Baku, kwa sababu ya breki. Nisikilizeni kwanza.

Sisi adui yetu ni joto. Ukishuka mlima Sekenke na mzigo, ukawa unakanyaga breki badala ya kutumia gia, harufu inakuja kwanza, kama kitambaa kinaungua. Halafu pedo inakuwa laini. Halafu unaomba Mungu. Niliwahi kuteremka pale nyuma ya mwenzangu moshi unatoka tairi za nyuma, nikapiga honi mpaka akasikia, akaegesha. Tulikaa saa nzima tukisubiri ngoma zipoe, mkono huwezi kusogeza.

Sasa Baku ni kinyume chake. Breki zao ni za kaboni, zikipoa hazishiki. Na pale dereva anatembea zaidi ya kilomita mbili mguu chini, upepo unapoza breki, unapoza tairi, halafu mbele kuna kona ya nyuzi tisini na ukuta umesimama. Anafika na kasi ya zaidi ya kilomita 330 kwa saa, anakanyaga breki ya baridi juu ya tairi ya baridi. Ndiyo maana kona ya kwanza pale watu wanapitiliza kila mwaka.

Fundi, waonyeshe vijana dereva Hamilton, Baku 2021. Mbio zilisimamishwa baada ya tairi ya nyuma ya dereva Verstappen kupasuka akiwa anaongoza. Zikaanza upya zikiwa zimebaki raundi mbili tu. Hamilton alikuwa na nafasi ya kushinda. Kumbe aligusa kwa bahati mbaya kitufe kinachohamishia nguvu ya breki mbele, kile cha kupashia tairi moto. Kufika kona ya kwanza tairi za mbele zikafunga, moshi, akaenda moja kwa moja. Akamaliza wa 15. Perez akashinda. Kidole kimoja! Hapo unafundisha mgawanyo wa breki wa mbele na nyuma kuliko ubaoni.

FundiNyakato

Mkuu SemiTrela, umeniandikia somo la wiki nzima. Hiyo ya baridi na moto nitaisoma mbele yao kesho.

IgomaSpea

Habari zenu ndugu. Nauza spea Igoma, na wawili kati ya hao vijana wa Fundi nawafahamu, tunasali pamoja. Sisi ni Wasabato. Baku ikiwa Jumamosi mchana hatutakuwepo, na mchujo wa Monaco aliousema dada ni Jumamosi saa 11 jioni, jua halijazama. Sisemi mbadilishe kwa ajili yetu. Nasema tu ili Fundi ajue, kwa sababu vijana wenyewe wataona aibu kumwambia bosi wao. Watachanga, na siku ikifika watakosa.

FundiNyakato

Ndugu yangu, asante sana. Hawajaniambia. Wametoa mchango wao wa kwanza kabisa, na mimi nilikuwa natangaza Jumamosi mbele yao. Basi Baku imetoka. Siwezi kuchukua hela ya kijana halafu nimwache nje.

Dada_Kirumba

Nilitaka kusema hivi tangu mwanzo: Singapore.

Sitaficha kwamba nako kupitana ni kugumu. Mwaka 2024 dereva Norris aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiyo mara ya kwanza tangu mbio zile zianze 2008 gari la usalama, lile linaloongoza wote taratibu baada ya ajali, halikuingia hata mara moja. Miaka yote iliyotangulia liliingia. Hiyo inakupa picha ya zile kuta.

Lakini mwaka 2023 niliangalia nimesimama. Sainz anaongoza, tairi zimechoka. Nyuma yake Norris, nyuma ya Norris kuna Mercedes mbili zenye tairi mpya, Russell na Hamilton, zinakuja kwa kasi ya ajabu. Sainz akafanya jambo sijawahi kuliona: akapunguza makusudi ili Norris awe karibu naye chini ya sekunde moja. Wakati ule ukiwa karibu hivyo unaruhusiwa kufungua bawa la nyuma ukaongeza kasi. Kwa hiyo alimpa adui yake silaha ya kujikinga na Russell. Ukuta wa watu wawili. Mzunguko wa mwisho Norris akagusa ukuta kidogo, akaponea. Russell alikuwa nyuma yake, akagusa pale pale, tairi ya mbele ikafa, akaenda kuingia kwenye kingo. Nafasi ya tatu ikapotea zikiwa zimebaki kona chache. Sauti yake kwenye redio ilikuwa ya mtu anayelia.

Mwaka 2025 Russell huyo huyo alirudi, akaanzia wa kwanza, akashinda. Ukuta ule ule.

SemiTrela_Mwz

Dada umenishinda kwa hiyo ya Sainz. Bawa lenyewe la namna ile mwaka huu limeondolewa, sasa aliye karibu anapewa nguvu ya ziada ya umeme. Ujanja utakuwepo tu, hawa watu hawalali.

Naongeza joto. Singapore dereva anapoteza hadi kilo tatu za jasho, na mbio zimewahi kufika kikomo cha saa mbili kabla mizunguko haijaisha. Mwaka 2025 walitangaza rasmi hatari ya joto, mara ya kwanza kabisa. Kabini bila feni mchana wa Shinyanga, nakwambia saa ya pili ndipo jicho linaanza kudanganya. Unaona kona iko mbali kumbe umefika.

MzeeWaBandarini

Kwa vijana hao, na kwa siku hiyo, nakubali Singapore. Monaco nitaangalia nyumbani.

Bwiru_Mwanafunzi

Samahani wakuu, Oktoba mvua zinaanza. Mwaka juzi tulikodi ukumbi mmoja (sitautaja) kuangalia fainali, radi ikapiga ziwani, umeme ukakatika dakika ya 70. Jenereta ilikuwepo, ila haikuwahi kuwashwa miezi mingi, kabureta imeganda. Mwenye ukumbi alivuta kamba mpaka akatoka jasho, hela hakurudisha. Ulizeni mapema.

FundiNyakato

Mdogo wangu, umesema la maana kuliko sisi wote.

Basi imekuwa Singapore, Jumapili tarehe 11 Oktoba. Saa 7 mchana tukutane gereji, Mzee nakuomba uje uwasimulie ile ya Senna kwa mdomo wako, nauli juu yangu. SemiTrela, kama utakuwa umerudi safari, njoo na ile ya Sekenke. Saa 8 na nusu tuko ukumbini tumekaa. Dada, karibu sana na familia.

Imebaki jenereta. Nani ana ya petroli inayowaka kweli, ya kubeba skrini, king'amuzi na taa mbili?

Dada_Kirumba

Wabeja sana Fundi. Nitakuja na wanangu wawili. Maandazi ni ya kwangu.

IgomaSpea

Ninayo. Nitabadilisha plagi na kusafisha kabureta wiki hiyo. Jumamosi tarehe 10 jua likishazama walete wale vijana wawili dukani, waivute wenyewe, tuisikilize ikinguruma nusu saa.