Naomba ushauri: LabVIEW isomeje kifaa chenye ukurasa wa wavuti tu?

Wakuu, habari za jioni. Nipo kwenye maabara ndogo ya chuo, tunafuatilia joto la oveni ya kukaushia sampuli za udongo. Pawa saplai tayari naiendesha kwa LabVIEW (programu ya kuendesha na kusoma vifaa vya maabara) kupitia kebo ya mtandao: natuma amri ya *IDN? (ya kukiuliza kifaa ni nani) kwenye poti 5025, inajibu jina lake fasta. (Ilinigomea siku mbili, kumbe nilisahau kuweka herufi ya kumalizia ujumbe. Nilijicheka mwenyewe.)

Kasheshe ni kipima joto. Hiki amri za aina hiyo hakizijui. Kina ukurasa wake tu, unaufungua kwa brauza, unaweka nywila, unaona 104.6 ikibadilika kila sekunde. Nikituma GET (ombi la kuleta ukurasa) kutoka LabVIEW napata 200 safi kabisa, yaani ombi limekubaliwa, lakini kwenye HTML (maandishi ya ukurasa wenyewe), pale ilipotakiwa kuwa namba, kuna vistari viwili "--". Namba inaletwa baadaye na JavaScript. Nikabonyeza F12 (zana za brauza za kuchungulia ukurasa), nikaliona ombi linaloenda kila sekunde na kurudisha JSON (data kwa maandishi). Nimelinakili lilivyo, narudishiwa 401, yaani hakijanitambua kuwa nimeingia.

Sasa niendelee kuhangaika na kuki ya kuingilia (alama ambayo brauza hutunza baada ya kuweka nywila), au niachane nayo nisome kwa Modbus TCP (njia ya vifaa vya viwandani kupeana data kwenye mtandao), poti 502? Mwongozo unaitaja kwa mstari mmoja tu, orodha ya rejista (namba za mahali kila kipimo kinapohifadhiwa) hakuna. Halafu nikikisoma kila sekunde kutwa nzima, hako kaseva ka ndani hakatazidiwa?

Aliyepitia haya anielekeze. Hata kama ni kwa Python, nipo tayari.