Kuanza HR: kujitolea halmashauri, intanship ya serikali au kampuni ya utalii Arusha?

BintiWaNjiro
Habari zenu wakubwa, naombeni mawazo maana nimekwama. Nimemaliza digrii ya rasilimali watu pale Ushirika Moshi, sasa hivi niko kwa mamkubwa Njiro. Mezani nina vitu vitatu. Kuna halmashauri moja wamesema watanipokea nijitolee ofisi ya utumishi, posho hakuna, nauli juu yangu. Halafu nimejisajili TaESA, huduma ya ajira ya serikali, nasubiri kupangiwa taasisi ya kufanya intanship. Na kuna kampuni ya safari hapa mjini wanataka msaidizi wa HR, laki tatu kwa mwezi, mkataba wa miezi sita sita. Ninachotaka maishani ni kuwa afisa utumishi serikalini, kwahiyo nauliza ipi inanisogeza huko, sio ipi ina hela tu.

MzeeWaMasijala
Hongera kwa kumaliza mwanangu. Nimekaa ofisi za utumishi huku Kilimanjaro miaka mingi, nikwambie, HR ya serikali inaishi ndani ya jalada. Kila barua ya mtumishi inapewa namba ya folio, ikipotea moja mtu anateseka miaka. Tuliwahi kuwa na binti wa kujitolea kama wewe, akaja nesi mmoja analia, ni mara ya tatu anakuja, wenzake walioajiriwa naye siku moja wameshapanda daraja yeye bado, na ukifungua jalada lake barua ya kuthibitishwa kazini haipo. Yule binti alikaa chini kabisa sakafuni masijala siku mbili, anapitia majalada ya watu wenye majina yanayofanana, siku ya pili mchana akaikuta imefungwa kwenye jalada la mwalimu mmoja, jina la kwanza na la ukoo ni yale yale, la kati tu ndo tofauti. Nesi alimkumbatia pale pale mlangoni. Mambo ya ikama (idadi ya watumishi ofisi inayoruhusiwa kuwa nao), tange (orodha ya watumishi kwa vyeo na ukongwe kazini), kuthibitishwa, kupandishwa daraja, yule binti aliyaelewa kupitia barua moja. Mimi nasema nenda halmashauri.

Kaka_wa_Pasua
Shikamoo mzee, naheshimu ulichosema ila naomba na mimi niseme langu. Mi nilijitolea ofisi moja ya umma mwaka mzima na miezi miwili. Barua yangu haikuwa na tarehe ya mwisho wala haikusema nitafanya nini, kwahiyo nilifanya fotokopi, nikagonga mihuri, nikapeleka daftari la mahudhurio kusainiwa, basi. Masijala niliambiwa siruhusiwi kuingia. Natoka Pasua asubuhi kwa hela ya mama anayouza ndizi Mbuyuni, yaani iliniuma sana siku nilipopiga hesabu ya nauli aliyotoa. Na dada yangu usije ukadhani ukijitolea watakuajiri hapo hapo, nafasi za afisa utumishi zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba kwenye Ajira Portal sawa na mtu aliyekaa nyumbani Tunduma, unafanya mchujo wa kuandika, ukipita ndo unaenda wa mahojiano. Bosi akikupenda vipi, kalamu ya kukuajiri hana.

MzeeWaMasijala
Marahaba. Pole sana kijana wangu, na ulichosema ni kweli tupu. Aliyekupokea hakukutendea haki.

MamaJayden_Sakina
Mdogo wangu mi niko HR kampuni za utalii mwaka wa saba sasa. Huku utashika kazi wiki ya kwanza kwa sababu ofisi nzima ya HR ni watu wawili. PAYE (kodi ya mshahara) na SDL (tozo ya mafunzo ya ujuzi) lazima ziwe zimelipwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, NSSF ya pensheni asilimia 20 mnagawana mwajiri na mfanyakazi, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) nusu asilimia, mwenye deni la bodi ya mikopo unamkata asilimia 15 kwenye mshahara wake wa msingi, ukikosea unaulizwa wewe. Mvua za Aprili na Mei wageni wanapungua, kambi zingine zinafungwa, hapo ndo utajua mkataba wa muda maalumu ni nini maana dereva anakuja na karatasi yake mkononi anauliza mama mimi narudi Juni au sirudi. Usipomjibu vizuri anaenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ana siku 30 tu tangu aachishwe na wengi sasa wanalijua hilo. Mi nilisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 chuoni nikafaulu lakini nimeielewa siku nilipokaa upande wa mwajiri pale kwenye usuluhishi, mikono inatetemeka. Ila sikudanganyi, Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, PEPMIS (mfumo wa kupima utendaji wa watumishi), PSSSF (pensheni ya watumishi wa umma), hivyo vyote huku hutavigusa.

MwanaKibosho
Dada yangu yuko Uingereza, halmashauri ya kule ilimchukua kama mwanagenzi wa HR, ngazi ya 3. Ni mwajiriwa kamili, ana mkataba, analipwa kila mwezi na masomo yanafanyika ndani ya saa za kazi. Kule waajiri ambao mishahara yao inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka wanatozwa nusu asilimia tangu Aprili 2017 kwa ajili ya mafunzo hayo. Sisi SDL sehemu yake inaenda VETA, mamlaka ya ufundi stadi, na uanagenzi tunaoujua ni wa mafundi, magari, hoteli, ushonaji. Natamani siku moja na masijala zetu zichukue wanagenzi wa kulipwa, maana kazi ipo, ile hadithi ya nesi inatosha kuonyesha.

Tumaini_KwaMrombo
Kuhusu TaESA, mi nilipitia huko nikapangiwa taasisi ya serikali hapa hapa Arusha. Nilipata mkataba wenye tarehe na msimamizi, mwishoni cheti. Ila usikae nyumbani unasubiri, endelea na mengine.

BintiWaNjiro
Nimewasoma wote mpaka nimelia kidogo, asanteni. Kaka wa Pasua mwambie mama shikamoo yake. Nilichoelewa ni kwamba niulize nitashika nini na mpaka lini. Kampuni walisema wanamhitaji mtu Juni msimu ukianza, sasa hivi ni Machi mwanzoni, hapo katikati si ningeomba halmashauri miezi mitatu tu? Mzee, wakikataa kuniandikia masijala kwenye barua?

MamaJayden_Sakina
Fanya hivyo. Na ukianza kampuni weka pembeni kila mwezi kidogo ya nauli ya usaili, watu wanaitwa Dodoma wanashindwa kwenda kwa kukosa hela ya basi.

MzeeWaMasijala
Wakikataa kuandika masijala usiende mwanangu, subiri Juni. Barua usimwandikie afisa utumishi, mwandikie Mkurugenzi, sema unaomba kujifunza kwa vitendo kuanzia tarehe fulani hadi fulani, taja masijala, likizo, na uandaaji wa taarifa za kupandishwa madaraja. Peleka nakala mbili, yako wakugongee mhuri wa kupokea na tarehe. Majalada ya watumishi ni siri, kwahiyo sema mwenyewe kwenye barua kwamba uko tayari kula kiapo cha kutunza siri, hapo wengi wanalainika. Na siku hizi OPRAS, ule mfumo wa zamani wa kupima utendaji, haipo tena, ni PEPMIS, ukifika omba mtu akae na wewe akuonyeshe mtumishi anavyojaza kazi zake. Sheria ya Utumishi wa Umma Sura ya 298 isome jioni ukiwa nyumbani, mchana shika majalada.

BintiWaNjiro
Naandika leo usiku, Jumatatu naipeleka. Ntaleta mrejesho.