Uuguzi wa kwenye simu: nibaki Tanzania, niende Uingereza au nifanye mtihani wa Marekani?

Nesi_Kahama

Habari za jioni wakuu, na shikamooni mlionitangulia kazini.

Mimi ni muuguzi mkunga ngazi ya stashahada, nina miaka 4 hospitali ya wilaya: miwili na nusu wodi ya wazazi, iliyobaki wodi ya watoto. Leseni yangu ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iko hai. Tangu nijifungue kwa upasuaji mgongo unanisumbua, zamu ya usiku naimaliza kwa kuuma meno. Lakini kazi hii naipenda, sitaki kuiacha niende kuuza duka.

Nimevutiwa na kazi ya muuguzi anayemhudumia mgonjwa kwa simu au video. Anamsikiliza, anamuuliza maswali, kisha anaamua: huyu abaki nyumbani, huyu aende zahanati kesho asubuhi, huyu atafutiwe gari sasa hivi.

Naona njia tatu. Moja ni hapa hapa nyumbani: vituo vya mikoa vya m-mama (mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga), namba 199 ya Wizara ya Afya, au kampuni binafsi za tiba mtandao. Nyingine ni kujisajili NMC, baraza la wauguzi la Uingereza, ili niingie 111, namba yao ya simu ya ushauri wa afya. Ya mwisho ni NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, ambako nasikia manesi wanapokea simu wakiwa sebuleni kwao. Kuna kaka mmoja ananiambia nikimpa milioni 3 atanipatia hiyo ya Marekani nikiwa nimekaa Kahama.

Mliopita huko naomba mnilinganishie. Si mshahara tu, kazi yenyewe ikoje?

Zamu_ya_Usiku

Mdogo wangu, marahaba. Nimefanya kituo cha uratibu wa rufaa za dharura mkoani baada ya miaka 11 ya leba, kwa hiyo nitaongelea ninachokijua.

Kwenye m-mama simu inapigwa 115, bure. Anapiga mama mwenyewe, ndugu, au muuguzi wa zahanati anayetaka kumtoa mgonjwa kwenda juu. Wewe unauliza maswali yanayokuja kwenye kompyuta, mfumo unakusaidia kuona uzito wa tatizo na kituo cha kumpeleka, halafu unatafuta usafiri. Gari la wagonjwa likiwa mbali au halipo, unampigia dereva wa kijijini aliyesajiliwa, naye analipwa kwa simu safari ikikamilika. Mpango ulianzia Sengerema mwaka 2013, ukaenda Shinyanga, na mwaka 2022 ukazinduliwa kwa nchi nzima. Kwa mkunga kama wewe, hakuna pa kujifunzia pazuri kuliko hapo.

Sasa kazi yenyewe. Kitu cha kwanza siyo ugonjwa. Ni namba ya simu na mahali alipo. "Simu ikikatika nitakupigia mimi. Upo kitongoji gani? Karibu na nini?" Salio linaisha, chaji inaisha, mtandao unapotea. Ukianza na dalili, simu ikakatika, umebaki na dalili zisizo na mtu.

Cha pili, mgonjwa mwenyewe ashike simu kama anaweza kuongea. Miezi yangu ya mwanzo alipiga baba mmoja, mkewe amejifungulia nyumbani. Nikamuuliza damu inatoka? Akajibu, "Inatoka kidogo tu, sista." Nikaandika kidogo. Nikaenda kwenye swali linalofuata. Dakika chache baadaye bibi aliyekuwa na mzazi akamnyang'anya simu, akaniambia kanga ya tatu imelowa na mama anasema haoni vizuri. Tulimpata dereva na mama alifika akiwa hai, lakini zile dakika nilizipoteza mimi kwa neno "kidogo". Tangu siku ile siulizi damu nyingi au kidogo. Nauliza kanga ngapi, zimelowa nusu au zote, ameibadilisha hii ya mwisho saa ngapi. Nauliza akikaa anaona kizunguzungu, mikono yake ina baridi.

Na neno jingine la kuogopa ni "amelala vizuri". Mama anakwambia mtoto alikuwa na homa kali, sasa ametulia, amelala vizuri. Mwambie amwamshe ukiwa hewani. Amwite, amkune nyayo, amweke titi. Mtoto aliyelala ataamka akilia. Aliyelegea asiyezinduka hajalala, huyo anaondoka. Umefanya wodi ya watoto, zile dalili za hatari unazijua: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea. Kwenye simu ni zile zile, ila macho yako ni ya mtu mwingine, na huyo mtu anaogopa.

Mpwani_Leeds

Habari dada. Mimi niko Uingereza mwaka wa 8, wodi kwanza, sasa hivi mshauri wa kitabibu kwenye 111.

Nikurekebishe jambo moja ambalo wengi hatulijui tukiwa nyumbani. Anayepokea simu ya 111 mara ya kwanza kwa kawaida si muuguzi. Ni mtu aliyefundishwa kufuata maswali ya mfumo unaoitwa NHS Pathways. Muuguzi au mhudumu wa gari la dharura anakuja nyuma yake, anapokea zile zilizo na utata, anampigia mgonjwa. Zamani kulikuwa na NHS Direct, iliyoanza mwaka 1998, na huko manesi walikuwa sehemu kubwa zaidi ya kazi. Ilipofungwa mwaka 2014 mzigo ulihamia 111. Kwa hiyo ukiona tangazo la kupokea simu lisilotaka usajili wa NMC, ujue siyo kazi yako hiyo, hata kama jina linafanana.

Njia: vyeti, Kiingereza (IELTS alama 7 kusoma, kusikiliza na kuzungumza, 6.5 kuandika, au OET), mtihani wa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo ukishafika. Mwajiri atakayekuleta karibu mara zote anakuletea wodini. 111 wanataka uwe umeshafanya kazi na usajili wao, mara nyingi miaka 2 na kuendelea, na wanapenda aliyetoka dharura. Mgongo wako bado utasimama wodini hiyo miaka miwili, hilo lipime.

Jingine muhimu: Tanzania ipo kwenye orodha ya WHO ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, kwa hiyo waajiri wa Uingereza na mawakala wao hawatakiwi kuja kuwatafuta wauguzi huko. Wewe kuomba mwenyewe moja kwa moja hujakatazwa. Ila wakala akikufuata na ofa mkononi, yeye ndiye anayevunja utaratibu. Wakenya wao wana makubaliano ya serikali kwa serikali tangu 2021, mambo yao ni tofauti.

Fedha_Baadaye

Mimi ningesema nenda moja kwa moja Uingereza, usipoteze muda na vituo vya hapa. Ukifika huko ndiyo utajifunza mambo ya simu.

Zamu_ya_Usiku

@Fedha_Baadaye hapana ndugu yangu. Mtu anayejua kumsikiliza mama wa kijijini kwa simu ana kitu cha kuonyesha kwenye usaili popote duniani. Mtu asiye na hicho anaanza moja. Na kabla ya yote ni wagonjwa wetu, wanahitaji sikio zuri.

Mama_Wawili_TX

Dada pole na mgongo. Nipo Texas, nesi wa simu za watoto, nafanya usiku nikiwa nyumbani kweli. Hiyo sebule mnayoisikia ipo, lakini ngoja nikwambie inafikiwaje.

Kwanza huyo kaka wa milioni 3 usimpe hata shilingi. Leseni ya Marekani ni ya jimbo, na sheria inaangalia mgonjwa yuko wapi, si wewe uko wapi. Mtoto akiwa Texas, lazima niwe na ruhusa ya kufanya kazi Texas. Majimbo zaidi ya 40 yameungana kwenye mkataba ambapo leseni moja inafanya kazi kote, lakini California na New York hawamo. Na waajiri wote niliowafanyia kazi walitaka uwe ndani ya nchi, una kibali cha kazi, na chumba chenye mlango unaofungika, intaneti ya waya, wala mtu wa nyumbani asisikie jina la mgonjwa. Kahama haimo kwenye hiyo hesabu.

Njia ya kweli: vyeti vyako vinapelekwa kuchambuliwa, na chuo ndicho kinachotuma, siyo wewe. Wanatazama saa za darasani na za mazoezi katika kila tawi: watu wazima, watoto, uzazi, afya ya akili. Afya ya akili ndiyo inayowakwamisha wengi wa kwetu, angalia nakala yako mapema. Halafu NCLEX yenyewe, maswali kati ya 85 na 150, saa 5. Halafu viza, na huko ni kusubiri, usipange maisha kwa miezi. Ukifika unaanza hospitalini. Mimi nilifanya miaka 5 wodi ya watoto na dharura kabla ya kukubaliwa kwenye simu.

Kazi yenyewe nimeipenda kuliko zote. Tunatumia miongozo ya Schmitt na Thompson, unafungua "homa" au "kukohoa", na maswali yanaanza na yale ya dalili zinazoweza kuua. Likijibiwa ndiyo, unaishia hapo hapo: piga 911. Hapana, unashuka: aonwe ndani ya saa 4, ndani ya saa 24, au atunzwe nyumbani. Mtoto wa chini ya wiki 12 joto lake likifika 100.4 ya huku, yaani 38 ya kwetu, hakuna mjadala, aonwe sasa, hata kama anacheka.

Muongozo hauwezi kukusikilizia, dada. Nafanya hivi: "Mama, mvue nguo ya juu, weka simu karibu na kinywa chake, usiongee." Nafumba macho, nahesabu pumzi kwa dakika nzima. Miezi 2 hadi 11, zikifika 50 ni za haraka. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Wakati nahesabu nasikia kama anakoroma, kama anaguna mwisho wa kila pumzi. Nikisikia kule kuguna sihitaji swali jingine. Hiyo sauti nilijifunza nikiwa nimesimama pembeni ya kitanda, sikuipata kwenye kompyuta. Ndiyo maana nakuambia usikimbie wodi ya watoto sasa hivi.

Nyuki_Nakuru

Hamjambo nyote. Mimi ni KRCHN, yaani muuguzi aliyesajiliwa wa afya ya jamii, Kenya. Hakuna aliyegusa njia ya meseji, nami naona inamfaa dadetu na huo mgongo.

Kuna huduma kama PROMPTS ya Jacaranda Health, mama mjamzito anapata meseji bila malipo na anaweza kuuliza chochote, kwa Kiswahili au Kiingereza. Kompyuta inapanga maswali, yale ya hatari yanasukumwa mbele, kisha mtu wa dawati anajibu ama anapiga. Ni kazi ya kukaa. Ugumu wake ni kwamba mtu hasemi kwa maandishi vile angesema kwa mdomo. Mama ataandika "kichwa inauma na miguu imefura". Wewe lazima umuulize anaona ukungu ama vimulimuli, anaumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, presha ilipimwa lini mwisho. Ukimwambia ameze dawa ya kichwa alale, umemkosa, hiyo inaweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba.

Tena ujue lugha inabadilika ukivuka mpaka. Sisi tunasema kufura, nyinyi kuvimba. Na nyinyi mna "chango", ambayo mimi ilinichukua muda kuelewa kwamba mtu anaweza kuitumia kwa maumivu ya hedhi, ya tumbo la mtoto, na ya kukosa mtoto.

Mama_Wawili_TX

@Nyuki_Nakuru umesema kweli tupu. Huku kuna familia nyingi za Wakongo, Kiswahili cha Kivu. Nilipoanza niliona aibu kuuliza maana. Sasa nauliza tu: "Niambie hiyo ikoje, inakushika wapi?"

Ziwa_Muhazi

Neno fupi kutoka Rwanda. Kabla hujaacha ajira ya serikali kwa ajili ya kampuni binafsi, kumbuka Babyl, huduma ya tiba kwa simu. Ilianza hapa 2016, watu zaidi ya milioni 2 walijiandikisha, wauguzi ndio waliokuwa wa kwanza kumsikiliza mgonjwa. Mwaka 2023 kampuni mama ya Uingereza ikaanguka, na huduma ya hapa ikafungwa. Kazi ilikuwa nzuri. Kwa hiyo usikatae, ila leseni yako isilale na mikono yako isisahau wodi.

Nesi_Kahama

Nimesoma kila neno, mengine mara mbili. Asanteni sana. Yule kaka nimeshamwambia hapana.

Nimeamua kubaki wodi ya watoto mwaka huu, nianze kuhesabu pumzi nikiwa nimefumba macho kabla ya kumwangalia mtoto. Nitaomba nafasi kituo cha mkoa. Nakala ya chuo naifuatilia wiki hii nione saa zangu za afya ya akili. Uingereza na Marekani nitaamua nikishaiona hiyo karatasi.

Dada Zamu, barua ya kuomba kituo naipeleka wapi?

Zamu_ya_Usiku

Anza na muuguzi mfawidhi wako, umweleze kwa mdomo kabla hajaiona barua, kisha ipitie kwa mganga mfawidhi kwenda mkoani. Andika miaka ya leba juu kabisa, ya watoto chini yake. Mgongo usiufiche, weka cheti cha daktari nyuma. Na kabla ya usaili, mwombe mwenzako akae chumba cha pili akupigie kama mume wa yule mzazi. Akikujibu "kidogo tu", usisogee swali linalofuata mpaka akutajie kanga.