Makro mfu imepewa heshima kuliko mimi

Wakuu, naandika hasira ikiwa bado ya moto. Yule msimamizi wa kile kiendeshi cha kadi ya mtandao katika kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux, ambaye simtaji kwa kuwa kila aliyewahi kutuma kiraka (badiliko la msimbo) anamfahamu, amekijibu kiraka changu cha kufuta makro mfu, yaani jina fupi linalosimamia kipande cha msimbo, mbele ya watu wote kwa sentensi moja: "Makro hiyo imekutangulia hapa." Hakuna salamu wala hoja.

Nilichofuta ni kipande cha #ifdef (msimbo unaojengwa tu jina fulani likiwa limewashwa) kinachoulizia jina la CONFIG_ ambalo hakuna faili lolote la Kconfig (orodha ya chaguo za kerneli) linalolitangaza, yaani hakuna kiumbe awezaye kuliwasha kupitia menuconfig, menyu ya chaguo hizo, hata akikesha. Ndani yake mna makro ya utatuzi inayotaja uga wa struct (muundo wa data) uliokwisha kubadilishwa jina zamani, kwa hiyo ukiiwasha kwa nguvu, kompaila inagoma kabla hujameza mate. Na ujumbe inaokusudia kuuchapisha, baada ya usumbufu wote huo, ni "nimefika hapa 2". Ya kwanza haipo!

"Imekutangulia hapa." Kwani 386, ile prosesa ya zamani ya Intel, ilimtangulia nani? Linux ilizaliwa juu yake mwaka 1991, na mwaka 2012 msimbo wa 386 ukaondolewa. Itanium, prosesa nyingine ya Intel, nayo iliondolewa katika toleo la 6.7. Zile zilikuwa mashine za kweli, lakini "nimefika hapa 2" inalindwa kama kaburi la sharifu.

Bado Mwanafunzi: Pole, mkuu. Ila je, ulitafuta kwa git grep (utafutaji wa maneno ndani ya msimbo) peke yake? Majina mengine huunganishwa kutoka vipande kwa alama ya ## na grep haiyaoni. Huenda makro iko hai na wewe ndiye usiyetumika.

Fundi Kerneli (mwanzisha uzi): Hakuna ## katika kiendeshi kizima, na hata checkkconfigsymbols.py, skripti ya kukagua majina ya CONFIG_, inalilalamikia jina hilo. Nimejenga kabla na baada, faili la .o (zao la kompaila) halikubadilika hata baiti moja. Angeniuliza hayo ningemjibu, lakini yeye anasema "imekutangulia", kana kwamba tunagombea urithi!

Mvua ya Masika: Heri yako umejibiwa. Mimi niliomba makro za utatuzi za kiendeshi kingine zibadilishwe ziwe pr_debug (njia ya kerneli ya kuchapisha ujumbe wa utatuzi), ili kwa CONFIG_DYNAMIC_DEBUG mtu awashe ujumbe mmoja mmoja mfumo ukiwa unafanya kazi, bila kujenga upya. Mpaka leo kimya.

Kompaila Mkali: Afadhali wakunyamazie, ndugu. Hiyo pr_debug, pasipo DEBUG wala hiyo CONFIG yako, haichapishi chochote, na mgeni anayeitazama dmesg (orodha ya ujumbe wa kerneli) tupu anaamini kuwa msimbo wake haupitiwi kabisa. Nimepoteza usingizi kwa ajili yake.

Pweza wa Pwani: Ninyi mnalilia makro zilizozimwa. Kwetu kuna bwana mmoja aliyeweka FreeBSD CURRENT (toleo la maendeleo la mfumo endeshi mwingine) kwenye seva ya kazi na kerneli yake ya kawaida, GENERIC, kama ilivyo, WITNESS na INVARIANTS (ukaguzi wa utatuzi unaopunguza kasi) zikiwa zimewashwa, kisha akalaumu diski kwa uzito wa mfumo, na diski zikanunuliwa!

Mvua ya Masika: Si angejenga GENERIC-NODEBUG, ile isiyo na ukaguzi huo, tu?

Fundi Kerneli: Wakuu, tunaweza kurudi kwenye makro yangu?

Pweza wa Pwani: Nilimwambia, akanijibu kwamba diski zilikwisha kulipiwa.