Msimamizi kakaa na tasnifu yangu miezi 14, leo ananiambia data zimezeeka!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Niko mwaka wa nne wa shahada ya uzamili ya sosholojia ya miaka miwili. Rudieni kuisoma hiyo sentensi. Sijadisko, yaani sijafukuzwa kwa kufeli, sina sapu (mtihani wa kurudia) hata moja, kozi zote nilizimaliza mwaka wa kwanza. Chuo sikitaji, idara siitaji, na huyo mzee simtaji, maana bado nahitaji saini yake.

Utafiti wangu unahusu mama lishe wa Tandika, Dar es Salaam, na mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kali. Nilihoji 24. Nilikuwa nafika sokoni saa kumi na moja alfajiri, nachambua nao mchele, kwa sababu mama lishe hana muda wa kukaa kitako akujibie dodoso. Nilikwenda nikiamini wanakopa kwa ajili ya ada za watoto na matibabu. Hao wapo. Lakini wengi niliokaa nao walikuwa wanakopa kausha damu ili wasikose hela ya upatu! Mtu anachukua laki moja, anarudisha laki na thelathini ndani ya mwezi, analipa kila siku jioni, ili tu kijumbe, yule anayekusanya hela za upatu, asipite kwenye meza yake akaondoka mikono mitupu mbele ya wenzake. Kausha damu watakuja wabebe jiko na masufuria, atalia, kesho ataazima jiko la jirani. Kijumbe akishakutangaza kwamba hulipi, siku ya msiba wako utazika na nani? Mama mmoja aliniambia hivyo huku anakoroga uji, hata hakuniangalia. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikijua tasnifu nimeshaipata.

Ili niingie uwandani ilibidi nitembeze barua: chuo, katibu tawala wa mkoa, wa wilaya, manispaa, kata, mtaa. Tunavyoilalamikia serikali kwa urasimu! Kutoka mkoa mpaka mtendaji wa mtaa nilitumia siku 11 za kazi. Mtendaji alinigongea muhuri huku anakula muhogo, akanitakia masomo mema. Msimamizi wangu ni mtu mmoja, ofisi moja, kalamu moja. Miezi 14.

Na kabla ya hapo tulishazungushana kwenye nadharia mpaka nikachoka. Nilianza na mwanasosholojia Bourdieu na mtaji wa kijamii, yaani faida mtu anayoipata kwa watu anaojuana nao, akasema Bourdieu kila mtu anamtumia, nimweke mwanasosholojia mwingine, Durkheim. Nikamweka Durkheim. Miezi mitatu baadaye anauliza, "Durkheim anahusika nini na mikopo?" Nikaenda kwa Mauss, aliyeandika mwaka 1925 kuhusu zawadi, kwamba kutoa, kupokea na kurudisha ni wajibu, na asiyerudisha anashuka hadhi. Jamani, huo si upatu kabisa? Tena Mauss ni mpwa wa Durkheim, mtoto wa dada yake, nikajua walau nimebaki ndani ya ukoo. Akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Ya zamani mno." Mjomba hatakiwi, mpwa naye hatakiwi. Nikamrudisha Bourdieu, akapita bila neno.

Basi nikawasilisha rasimu nzima, sura tano, kurasa 118, nikachapa na kufunga steshenari kwa hela yangu kwa sababu mzee hasomi kwenye kompyuta. Kuanzia hapo ni kimya. Barua pepe hazijibiwi. WhatsApp tiki za bluu. Nikienda ofisini, yuko mkoani kwenye mradi. Siku moja nilimkuta, akaniambia rasimu yangu iko nyumbani. Siku nyingine akaniuliza jina langu.

Jumatatu wiki hii amejibu. Mistari miwili. Data zimepitwa na wakati, rudi uwandani ukusanye upya.

Zimezeekea wapi? Zimezeekea mezani kwake! Nilipozikusanya zilikuwa bado za moto kama vitumbua. Nilipita Tandika jana kuangalia. Kati ya wale 24 nimewaona 9 tu. Wengine wamehama, wengine wamefunga biashara, na yule wa uji nimeambiwa amerudi kwao Lindi.

Halafu sikilizeni hii. Kwa kuwa nimepitiliza muda, mfumo umenitolea kontroo namba ya ada ya kuongezewa muda. Aliyechelewesha ni yeye, faini ni yangu. Mimi nafanya kazi ya mkataba kwenye shirika dogo, mkopo wa shahada ya kwanza bado unakatwa asilimia 15 ya mshahara, na bosi aliyenipa ruhusa ya kusoma alishaacha kuniuliza naendeleaje.

Najua walimu wetu wamelemewa. Anafundisha darasa la mamia, anasahihisha mitihani, ana wanafunzi wa uzamili kibao na mshahara hautoshi, ndiyo maana anakimbilia miradi. Sawa. Angeniambia miezi miwili tu baada ya kumpa rasimu kwamba hana nafasi, ningetafuta mwingine. Ninachokasirikia ni kuwekwa kiporo.

NYONGEZA: Mnaosema ningesoma uhasibu, asanteni, mama yangu mdogo aliwatangulia. Yeye mpaka leo anajua nasomea "kuongea na watu".

Aliyeuliza kwa nini nisiende kwa mkuu wa idara: nilienda. Alinisikiliza vizuri, akasema niandike barua rasmi ya kuomba kubadilishiwa msimamizi. Nikaandika. Masijala wakanirudishia kwa sababu haikupita panapotakiwa. Barua ya mwanafunzi wa uzamili lazima ipitie kwa msimamizi wake, aweke maoni na saini.

Kwa hiyo malalamiko yangu dhidi yake nayo yako mezani kwake.

Kama kuna mdau aliyewahi kubadilisha msimamizi bila kuja kunyongwa siku ya kutetea tasnifu, aniambie alipitia mlango gani. Hata PM poa. Kontroo namba inakufa Ijumaa.