MREJESHO: Sato waliokuwa wanakufa bwawani, Bagamoyo

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama kuchanganya kitunguu saumu na vitamini C kwenye chakula kungezuia vifo vya sato wangu. Wengi mlisema nipime kwanza, nisikimbilie antibayotiki. Nilikuwa nimeshanunua.

Majibu ya maabara yametoka: TiLV, kirusi cha sato kilichoelezwa mara ya kwanza Israeli mwaka 2014. Hakina dawa. Antibayotiki haikigusi, inapambana tu na bakteria wanaodandia vidonda. Hela imeenda.

Sasa natumia beta-glukani (aina ya wanga itokayo kwenye ganda la seli za hamira) na vitamini C. Nazipaka kwenye punje za chakula kwa mafuta kidogo ya kula, naanika kivulini. (Mwanzoni nilichemsha vitamini kwenye uji wa muhogo, moto ukaiharibu!) Viongezo hivi huipa nguvu kinga ya samaki, havimponyi aliyekwisha ugua.

Vifo vimepungua, ila siwezi kusifia kiongezo peke yake. Siku zilezile nilipunguza msongamano, nikaacha kuhamisha vifaranga juani, na nyavu za bwawa lile haziingii jingine. Waliobaki simuuzii mtu kama mbegu, hata jirani anayenibembeleza kila siku.