Riwaya ya bendi ya roki: waachane kwa sababu gani?

Muuza Daftari (Tanga)
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Naandika riwaya kuhusu bendi ya roki ya kubuni. Vijana watano wa Ngamiani, mwaka 1974, afro kichwani na bugaluu za kufagia barabara, wanapiga kila Jumamosi kwenye hoteli moja kule Raskazone. Mchana nauza daftari na kutoa fotokopi, usiku ndiyo naandika. Nimefika ukurasa wa 118 nimekwama.

Nilipanga mpiga solo na mwimbaji wagombee mpiga kinanda, ambaye ni msichana. Dada yangu alizisoma kurasa hizo huku anakuna nazi. Akaziweka chini, akasema, "Hawa hawagombani, wanahutubiana." Iliniuma, ila nilipozirudia nikaona kweli. Kila mtu anamaliza sentensi yake, mwenzake anangoja zamu kama yuko mahakamani.

Mliowahi kuwa karibu na bendi, watu huanza kuchokana wapi hasa? Dawa za kulevya sizitaki, hizo zimejaa kwenye filamu.

Kijana wa Chumbageni
Umeme ukatike katikati ya wimbo, kila mmoja amlaumu mwenzake. Hiyo hata leo inatokea 😂

Mzee wa Besi
Marahaba bibie.

Nilipiga besi miaka sita. Bendi sitaitaja, maana wenzangu wawili bado tunasalimiana msikitini.

Mimi nakuuliza kwanza, vyombo ni vya nani? Kurasa 118 zote hujatuambia. Wakati wetu ilikuwa kawaida gitaa kuwa mali ya mwenye baa au ya shirika, na mpigaji akihama anaondoka na vidole vyake tu. Kijana wako wa solo akilala na gitaa chumbani, amempa nani heshima ili aruhusiwe? Na wa rizimu je, anayetembea mikono mitupu kila Jumapili asubuhi? Huyo ndiye wa kumchungulia.

Sisi mwanamke hatukumgombea, ingawa walikuwepo. Tuligombana kwa karatasi. Wimbo tuliutunga watatu, tumekaa chini ya mwembe. Mmoja alileta maneno, kiongozi akaleta sauti ya kuimbia, mimi nikaleta ile besi inayoanza peke yake. Tukaenda kurekodi Nairobi. Santuri ilipotufikia, pale kwenye lebo ya katikati, chini ya jina la wimbo, pameandikwa mtunzi mmoja. Kiongozi.

Hakuna aliyesema kitu. Tulikunywa soda, tukampa hongera. Jumamosi yake mwenye maneno, ambaye ndiye alikuwa wa rizimu, akaanza kutyuni gitaa pole pole, waya mmoja mmoja, ukumbi umejaa na kiongozi amesimama na maiki anamngoja. Gitaa lenyewe halikuwa limeharibika. Baada ya miezi minne tulikuwa bendi mbili.

Jambo jingine, vijana wako wanaimba lugha gani? Muziki wa soul, ule wa Wamarekani weusi wa Kiingereza, ulipigwa marufuku Dar es Salaam Novemba 1969. Kufika 1974 lazima mmoja wao anasema tuimbe Kiswahili tupate nafasi redioni, na mwingine anaona hiyo ni kuiua roki. Hao wawili hata mapenzi hawayahitaji.

Mwana wa Pangani
Mzee nakuheshimu, ila mapenzi usiyatupe. Fleetwood Mac walitoa albamu yao ya *Rumours* mwaka 1977 huku wapenzi wawili wa bendi wameachana na mke na mume wa bendi hiyo hiyo nao wamefikia talaka. Mwimbaji Stevie Nicks aliitikia kiitikio cha wimbo ambao mpenzi wake waliyeachana, mpiga gitaa Lindsey Buckingham, alimtungia yeye mwenyewe, wa kumwambia ashike njia yake! Bendi haikufa pale. Iliuza.

Sisi watu wa taarabu hilo tunalijua, ni kijembe, tofauti tu ni kwamba hapa anayechomwa ndiye anayeitikia. Dada, mpe huyo wa kinanda wimbo. Autunge kwa mafumbo, mpiga solo aufanyie mazoezi wiki nzima anausifu, aje aelewe maana siku ya onyesho.

Na jina la bendi nalo ni mali. Ndugu Wilson na George Kinyonga walianzia hapa hapa Tanga, Jamhuri Jazz, wakapita Arusha, wakaibukia Nairobi na Simba Wanyika. Mwaka 1978 wenzao walijitoa wakaunda Les Wanyika. Watu wameondoka lakini "Wanyika" wameibeba.

Muuza Daftari (Tanga)
Ahsanteni mno. Usiku huu nimefuta kurasa 14. Wimbo wa mafumbo nauchukua, na jina moja kwenye lebo nalo nitaliomba kwa mzee, kama hatakasirika. Shoga yangu wa kinanda ndiye atakayekuwa ametunga, jina litoke la mwimbaji.

Mzee wangu, samahani kwa udadisi. Lebo ile ilikuwa rangi gani?

Mzee wa Besi
Chukua mwanangu. Ilikuwa njano, maandishi meusi madogo. Jina la kiongozi na langu yanaanza na herufi moja. Nilipoipokea ile sahani, kabla sijaisogeza kwenye mwanga, nilidhani ni mimi.